Kaboni kutoka Milima ya Masisi hadi Bahari Kuu: Historia Fupi ya Safari za Utafiti

Utangulizi

Mvua inyeshayo juu ya milima ya Masisi, katika Kivu ya Kaskazini, kwa sehemu kubwa hugawanyika njia mbili. Maji ya mteremko wa kusini-mashariki hushuka hadi Ziwa Kivu, yakatoka humo kwa Mto Ruzizi, yakaingia Ziwa Tanganyika, kisha yakafuata Mto Lukuga hadi Lualaba. Maji ya mteremko wa magharibi huingia katika misitu ya Walikale, yakakusanywa na Mto Lowa, nayo pia huishia Lualaba, kusini mwa Kisangani. Njia zote mbili hukutana katika mto mmoja, nao ni Kongo, na mwisho wake ni Bahari ya Atlantiki.

Maji hayo hayaendi matupu. Hubeba udongo, mabaki ya majani yaliyooza, na gesi iliyoyeyuka ndani yake. Kwa neno moja, hubeba kaboni. Sehemu ya kaboni hiyo hurudi hewani njiani, sehemu hulala chini ya maziwa, na sehemu hufika baharini. Yeyote atakaye kujua bahari hupokea nini na hurudisha nini hewani hana budi kuifuata njia hiyo yote.

Makala haya yanafuatilia jinsi wataalamu walivyopanga safari za kupima kaboni, kwanza katika bahari kuu, kisha katika Ziwa Kivu, na baadaye katika Mto Kongo wenyewe. Yanakusudia kuonyesha kwamba uamuzi mkubwa wa safari ya namna hii hufanywa kabla ya chombo kuondoka: mahali gani papimwe, msimu gani, kina gani, na nani aulizwe. Pale uamuzi ulipofanywa kwa uangalifu, hesabu ya dunia ilirekebishwa. Pale mahali palipoachwa nje ya ratiba, palibaki pia nje ya hesabu. Masisi na Walikale zinatoa mifano ya hali zote mbili.

Bahari na hesabu ya kaboni

Mwaka 1957 Roger Revelle na Hans Suess, wataalamu wa Taasisi ya Scripps huko California, walichapisha makala yaliyoitikisa imani iliyokuwa imeenea wakati ule. Ilidhaniwa kwamba hewa ya kabonidioksidi inayotoka viwandani humezwa na bahari mara moja, isilete madhara. Wao walionyesha kwamba kemia ya maji ya bahari huzuia umezaji huo usiwe wa haraka kiasi hicho. Mwaka uliofuata, Charles David Keeling alianza kupima kabonidioksidi ya hewani juu ya mlima wa Mauna Loa, Hawaii, na vipimo vyake vilithibitisha kwamba gesi hiyo huongezeka mwaka hadi mwaka. Tangu hapo swali likawa: bahari humeza kiasi gani, wapi, na kwa muda gani? Hesabu za siku hizi zinaonyesha kuwa ni karibu robo moja ya kabonidioksidi itolewayo na shughuli za binadamu.

Jibu hilo halikupatikana kwa kukaa pwani. Kati ya 1959 na 1965 meli zaidi ya 40 za mataifa mbalimbali zilishiriki katika Msafara wa Kimataifa wa Bahari ya Hindi. Katika miaka ya 1970 mpango uliojulikana kwa kifupi kama GEOSECS ulivuka bahari kuu zote tatu, ukichota maji kwa kina kilichopangwa ili matokeo ya mahali pamoja yaweze kulinganishwa na ya pengine. Mwaka 1987 ukaanzishwa mpango wa kimataifa wa JGOFS, ambao shabaha yake hasa ilikuwa mzunguko wa kaboni baharini: namna mimea midogo ielayo inavyoivuta kaboni kutoka hewani, namna mabaki yake yanavyozama, na namna maji ya kina yanavyoirudisha juu baada ya muda mrefu.

Wapangaji wa JGOFS walikuta jambo ambalo manahodha wa majahazi wa Lamu na Unguja walilijua kwa karne nyingi, yaani kwamba Bahari ya Hindi haina sura moja mwaka mzima. Meli ya Kimarekani Thomas G. Thompson ilipotumwa katika Bahari ya Arabuni kati ya 1994 na 1996, ratiba yake ilibidi ifuate majira ya pepo. Ilidhihirika kwamba wakati wa pepo za katikati ya mwaka maji ya kina yaliyojaa kabonidioksidi hupanda juu karibu na pwani ya Arabuni, na bahari hapo hutoa gesi badala ya kuimeza. Chombo kingekwenda mara moja tu, wakati wa utulivu, kingerudi na jibu la nusu mwaka. Vivyo hivyo, Waholanzi walipoleta meli yao Tyro katika pwani ya Kenya mwaka 1992 na kufanya kazi pamoja na wataalamu wa Kenya, walipanga safari mbili, moja ya majira ya kusi na nyingine ya mwanzo wa kaskazi.

Wanabahari katika Ziwa Kivu

Ziwa Kivu liko mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, na kina chake hufikia mita 485. Ghuba yake ya kaskazini-magharibi, iitwayo Kabuno, inafika hadi Sake, mji wa Wilaya ya Masisi. Kwa mtazamo wa kwanza halina uhusiano na meli za bahari kuu. Hata hivyo, historia inaonyesha kwamba ziwa hili lilivuta macho ya wanabahari mapema.

Mtaalamu wa kwanza kulipima kwa kina alikuwa Hubert Damas wa Chuo Kikuu cha Liège, Ubelgiji, aliyefanya kazi huko mwaka 1935 na 1936. Alipima maziwa matatu: Kivu, Edward, na Ndalaga, ambalo ni mojawapo ya maziwa ya Mokoto yaliyomo Masisi. Katika Kivu alikuta jambo lisilo la kawaida. Chini ya tabaka la juu, halijoto haikupungua kwa kadiri alivyoshuka, bali iliongezeka. Chumvi nayo iliongezeka. Hewa ya oksijeni ilitoweka. Na maji yaliyovutwa kutoka chini yalitoa mapovu ya gesi. Maji mazito yenye chumvi yalikuwa yamelala chini ya maji mepesi bila kuchanganyika nayo. Muda mfupi baadaye, kati ya 1938 na 1940, lava ya mlima wa Nyamuragira ilitiririka hadi ziwani karibu na Sake, ikakaribia kuitenga Ghuba ya Kabuno na ziwa kubwa. Vipimo vya Damas basi vilihifadhi hali ya ziwa kabla ya badiliko hilo.

Katika miaka ya 1950 wataalamu wa Kibelgiji, miongoni mwao André Capart na Jean Kufferath, walibainisha kuwa gesi hiyo ilikuwa na methani nyingi, inayoweza kutumika kama nishati. Mwaka 1963 mtambo mdogo wa Cap Rubona, karibu na Gisenyi, ulianza kuvuta methani na kuipeleka katika kiwanda cha bia.

Badiliko kubwa la fikra lililetwa na Egon Degens, Mjerumani aliyekuwa katika Taasisi ya Bahari ya Woods Hole, Marekani. Degens na wenzake walikuwa wamechunguza maji ya moto yenye chumvi nyingi yaliyoko chini ya Bahari ya Shamu, na mwaka 1969 walikwenda Bahari Nyeusi kwa meli Atlantis II. Walitafuta mahali ambapo maji yamejipanga kwa matabaka yasiyochanganyika, kwa kuwa hapo kaboni hujikusanya na kuacha kumbukumbu chini. Mwaka 1970 walikwenda Tanganyika, na mwaka 1971 wakafika Kivu. Meli ya bahari kuu haiwezi kupanda hadi huko, lakini mbinu za kazi zilipanda. Walipima sakafu ya ziwa kwa mwangwi wa sauti, wakachota maji tabaka kwa tabaka, wakatoboa matope ya chini, na kuichunguza kaboni yake kwa njia ya mnururisho ili kujua umri wake. Hitimisho lao lilikuwa kwamba sehemu kubwa ya kaboni ya ziwa haikutoka katika mimea iliyokufa karibuni, bali katika gesi ya volkano, na kwamba bakteria huigeuza sehemu ya gesi hiyo kuwa methani.

Jambo linalostahili kuangaliwa ni njia aliyoifuata Degens baada ya hapo. Alihamia Hamburg mwaka 1973, na kuanzia miaka ya 1980 aliongoza kazi ya kimataifa ya kukusanya vipimo vya kaboni inayobebwa na mito mikubwa ya dunia, Kongo ukiwa mmojawapo. Hivyo mtaalamu aliyeanza katika bahari alipita ziwani akaishia mitoni. Aliona kwamba kitabu cha hesabu cha bahari hakiwezi kufungwa bila kurasa za nchi kavu.

Baada ya Nyos

Tarehe 21 Agosti 1986 Ziwa Nyos, nchini Kamerun, lilitoa ghafla wingu la kabonidioksidi, na watu wapatao 1,700 wakafa kwa kukosa pumzi. Miaka miwili kabla yake Ziwa Monoun, katika nchi hiyo hiyo, lilikuwa limeua watu 37. Tangu hapo upimaji wa Kivu ukawa suala la uhai. Ziwa hili ni kubwa mara nyingi kuliko Nyos, na linahifadhi takriban kilomita za ujazo 300 za kabonidioksidi na 60 za methani, zikihesabiwa kwa mgandamizo wa hewa ya kawaida. Watu wapatao milioni mbili wanaishi kando yake.

Swali lililofuata lilikuwa kama gesi hiyo huongezeka. Klaus Tietze alikuwa amepima kwa makini mwaka 1974 na 1975. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji wa Goma ikaingia ziwani. Wataalamu walipopima walikuta kwamba haikuyafikia matabaka yenye gesi nyingi. Hata hivyo, ulinganisho wa vipimo vya miaka hiyo na vile vya Tietze ulidokeza kuwa methani ilikuwa imeongezeka kwa kiasi cha asilimia 15 katika miaka 30, jambo lililotia hofu. Vipimo vipya vya 2018, vilivyofanywa kwa mbinu kadhaa kwa pamoja, havikuthibitisha ongezeko hilo. Tatizo lilikuwa katika uchotaji wenyewe: maji ya kina yanapovutwa juu, mgandamizo hupungua na gesi hutoroka kabla ya kupimwa. Mpangaji asiyejali chupa atakayoitumia huweza kuleta hofu isiyo na msingi, au utulivu usio na msingi, kwa watu wa Goma, Sake na Gisenyi.

Wakati huohuo, mzunguko wa kaboni katika tabaka la juu ulianza kuchunguzwa kwa utaratibu. Taasisi ya Juu ya Ualimu ya Bukavu, ikishirikiana na vyuo vikuu vya Namur na Liège, ilikuwa ikichota maji mara kwa mara katika eneo la Ishungu, kusini mwa ziwa, tangu 2002. Kisha zikapangwa safari nne za kulizunguka ziwa lote: Machi 2007, Septemba 2007, Juni 2008 na Aprili 2009. Tarehe hizo hazikuchaguliwa ovyo. Kivu lina majira mawili: majira ya mvua, ambapo tabaka la juu hutulia, na kiangazi cha Juni hadi Septemba, ambapo upepo na ukavu hulichanganya na kupandisha virutubisho. Ni miezi ileile ambayo kusi hutawala pwani ya Afrika ya Mashariki. Kanuni iliyotumika katika Bahari ya Arabuni ilitumika pia hapa.

Matokeo yake yalikuwa na uzito. Mwani wa Kivu huvuta kaboni nyingi kuliko inayorudishwa na viumbe wanaopumua katika tabaka la juu. Kwa hiyo ilitazamiwa kwamba ziwa lingemeza kabonidioksidi. Kumbe hutoa. Sababu ni chemchemi zinazoingia chini ya ziwa zikiwa na kaboni ya volkano. Methani, kwa upande wake, hutoka kidogo sana, kwa kuwa bakteria huila kabla haijafika juu. Katika Ghuba ya Kabuno hali ni nyingine kabisa: maji yenye gesi yameanza katika kina cha mita 11 hivi tu, na kabonidioksidi ya maji ya juu ni zaidi ya mara kumi ya ile ya ziwa kubwa. Kama safari zile zingepanga kuipita ghuba hiyo kwa kuwa ni ndogo, sehemu ya Masisi ya ziwa ingesemwa kuwa sawa na nyingine.

Upande wa Walikale

Njia ya pili ya maji, ile ya Lowa, haikupata bahati hiyo. Kaboni ya Mto Kongo imepimwa kwa muda mrefu karibu na Kinshasa na Brazzaville. Vipimo vya miaka ya 1990 vinaonyesha kwamba mto hupeleka baharini zaidi ya tani milioni 14 za kaboni ya viumbe kwa mwaka, nyingi yake ikiwa imeyeyuka katika maji. Waholanzi walikuwa wamepima mlango wa mto mwaka 1976. Katika Desemba 2013 na Juni 2014 watafiti wa Liège na wenzao walisafiri kwa mashua kati ya Kisangani na Kinshasa, wakipima gesi njia nzima. Walionyesha kwamba mito ya Kongo hutoa kabonidioksidi na methani nyingi hewani, hasa pale inapokutana na misitu iliyofurika maji.

Yafaa ieleweke, hata hivyo, kwamba Lowa huingia Lualaba kabla ya Kisangani. Mashua ile ilipong'oa nanga, maji ya Walikale yalikuwa yameshachanganyika na ya Lukuga, ya Ulindi na ya Elila. Yalihesabiwa, lakini bila jina. Hasara yake si ndogo, kwa sababu Masisi na Walikale ni majirani wanaotofautiana. Milima ya Masisi ilifyekwa kwa sehemu kubwa katika karne ya 20 ili kupata mashamba na malisho, hasa baada ya utawala wa Kibelgiji kuwahamishia huko wakulima kutoka Rwanda kuanzia 1937. Walikale imebaki na msitu mpana. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 kuhusu vijito vya mashariki mwa Kongo ulionyesha kwamba pale msitu unapokatwa, maji hubeba kaboni ya udongo yenye umri wa zaidi ya miaka elfu, ambayo bakteria huila upesi na kuirudisha hewani. Mpaka wa Masisi na Walikale ungekuwa mahali pa kulipima jambo hilo hatua kwa hatua, kutoka malisho hadi msituni.

Lakini Machi 1993 mauaji yalianza katika soko la Ntoto, Walikale, yakaenea hadi Masisi. Vita vya 1996 na 1998 vikafuata, na mapigano hayakuisha. Mwaka 2025 yalifika Sake mwezi wa Januari na mji wa Walikale mwezi wa Machi. Anayepanga safari ya utafiti hupanga kwanza usalama wa watu wake, na hakuna wa kumlaumu. Lakini matokeo yake ni kwamba ramani ya kaboni hufuata ramani ya amani, na nchi iliyokwisha kupoteza mengi hupoteza pia nafasi yake katika maarifa.

Na bahari haingoji. Mwishoni mwa 2019 Mto Kongo ulifurika kupita kiasi, na Januari 2020 mporomoko mkubwa wa mchanga na matope ulishuka katika bonde lililo chini ya bahari mbele ya mlango wake. Ulisafiri zaidi ya kilomita 1,100 na kukata nyaya za mawasiliano zilizolala sakafuni. Kaboni ya bonde zima la Kongo ilizikwa humo kwa siku chache.

Neno la wenyeji

Wanaofundisha Kiswahili wana sababu ya kuisoma historia hii kwa makini. Kati ya Goma na Sake, katika mabonde madogo ya lava, kabonidioksidi hutoka ardhini na kutuama, kwa kuwa ni nzito kuliko hewa. Usiku na alfajiri, upepo ukitulia, huua mbuzi, kuku, na mara nyingine watu. Wenyeji huiita mazuku. Walijua mahali ilipo, saa ya kuihofu, na kwamba aliyelala au kuinama yumo hatarini kuliko aliyesimama. Mwaka 1994 makambi ya wakimbizi kutoka Rwanda yaliwekwa Mugunga, katika ukanda huohuo; waliofika hawakuwa na neno hilo, wala maarifa yaliyomo ndani yake.

Leo mazuku ni istilahi katika majarida ya volkano ya kimataifa, nayo huandikwa hivyohivyo. Ni istilahi ya sayansi ya kaboni iliyotoka kwa wachungaji na wakulima kwenda maabara, ilhali nyingi husafiri njia ya kinyume. Inathibitisha kwamba swali la nani aulizwe, lililotajwa mwanzoni, si la adabu tu. Mtafiti anayejua neno hilo anajua tayari mahali pa kuanzia kupima.

Hitimisho

Historia iliyoelezwa hapa inaonyesha mambo matatu. Kwanza, safari zilizofaulu ziliheshimu majira, iwe kusi na kaskazi au mvua na kiangazi. Pili, hazikudharau mahali padogo: Kabuno ni kipande kidogo cha Kivu, lakini bila hicho hesabu ya Kivu ina kasoro. Tatu, zilidumu pale zilipokuwa na taasisi ya mahali, kama ile ya Bukavu, inayobaki ikichota maji baada ya wageni kuondoka. Lowa inahitaji hayo yote. Siku ambayo njia ya kwenda Walikale itakuwa salama, ratiba ya kwanza haitahitaji meli wala mashua kubwa. Itahitaji walimu na wanafunzi wa huko, chupa zinazofungika vizuri, na daftari litakalojazwa katika majira yote mawili, kuanzia malisho ya Masisi hadi mahali ambapo Lowa humimina maji yake Lualaba.